Upande wa Jumapili

Imetangazwa rasmi, kwa herufi za shaba ukutani mwa jumba moja la sanaa mjini St. John's, kwamba kazi ya sanaa ni kusudi la msanii lililotiwa umbo likaonekana, na kwamba wajibu wa Jumba ni kuliweka kusudi hilo mbele ya wananchi wote bila kulipunguza wala kulificha. Maneno hayo yalitungwa na kamati ya watu kumi na mmoja kwa muda wa miezi minane. Si maneno ya kubezwa.

Bride Keough, mjane wa kijiji cha Pinchers Arm, hakuwa ameyasoma alipoanza zulia lake. Alilianza kwa sababu koti la marehemu mumewe, Ambrose, lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango tangu mazishi, na kila alipopita lilimgusa bega. Mwezi wa Machi alilichana vipande vyembamba, akawamba gunia la unga kwenye fremu, akachora kwa mkaa farasi aliyeitwa Admirali, kisha akaanza kuvuta vitambaa kwa ndoano ya msumari, kitanzi baada ya kitanzi. Koti la kijivu likawa mwili wa farasi. Suruali ya ndani ya marehemu, ya sufu nyekundu, ikawa hatamu, na iliyobaki ikawa jua. Ilikuwa suruali kubwa. Admirali alikuwa amevuta kuni na Ambrose miaka kumi na tisa, naye alikufa majira yale yale aliyokufa bwana wake. Hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Mguu mmoja wa nyuma ulimshinda. Aliufumua mara nne. Loretta, dada wa Ambrose, aliyekuwa akija kila alasiri kunywa chai na kutoa hukumu, aliutazama kwa muda.

"Wifi, huyu farasi ana magoti ya padri."

"Padri gani?"

"Yeyote. Si wote wanashinda wamepiga magoti?"

"Hivi ndivyo alivyokuwa akisimama kumsubiri kaka yako atoke dukani."

Loretta aliinama, akatazama tena. "Kweli," alisema taratibu. "Hivi hivi. Shenzi lile." Akajipangusa pua kwa ncha ya aproni. Mguu haukufumuliwa tena.

Huko Pinchers Arm zulia lina uso na mgongo. Siku za kazi hulazwa kifudifudi mbele ya jiko, mgongo ukapokea matope, majivu na magamba ya samaki. Jumamosi jioni hugeuzwa, na Jumapili nzima picha hutazama dari. Hugeuzwa pia padri akionekana njiani. Mwanamke akikutwa na mgeni zulia likiwa limelala kifudifudi, huona haya kama aliyekutwa na nywele timutimu, tena kanisani.

Admirali aliishi maisha hayo miaka sita. Uso wake ulibaki mpya. Mgongo ulipata rangi ya maji ya kuoshea vyombo, viraka viwili vya gunia, na doa la chai lililofanana na kisiwa.

Jumatano moja ya Septemba mtu alibisha hodi. Hilo peke yake lilimtisha Bride, maana kijijini pale habishi mtu ila polisi. Alikuwa Bi Rosamund Thistlewood, aliyetumwa na Jumba kutafuta sanaa ya wananchi. Aliingia, akatazama chini, akaganda.

"Mungu wangu!"

Bride alidhani mgeni amekanyaga kitu. "Samahani, mpenzi. Kaa hapo unywe chai, nami nilige—"

"Usiliguse!"

"Nilitaka tu—"

"Liache lilivyo. Ukimya huu! Rangi hizi! Umewezaje?"

Bride alifikiri. "Nimelikanyaga," alisema.

Bi Thistlewood aliandika jibu hilo kwenye daftari.

Wakati wa kusema ulikuwepo, ila ulipita upesi. Mgeni alikuwa ameshakula vipande viwili vya mkate wa molasi, na kumwambia ukweli kungekuwa kukiri kwamba amekuta nyumba haiko tayari. Isitoshe, Bride alikuwa na tamaa moja: watu wamwone Admirali, watu wengi, wasiomjua. Huko mjini, alijiambia, kuna watu waliosoma, watalifungua, watamwona. Zulia likaviringishwa ndani ya karatasi nyeupe, farasi akiwa kwa ndani.

Novemba, Bride na Loretta walipanda basi kutwa nzima, wakalala kwa binamu, na asubuhi wakaenda Jumbani. Zulia lilikuwa na ukuta wake peke yake, na taa yake. Chini paliandikwa *Ukimya wa Ghuba, Namba 3*, na jina la Bride Keough bila kosa hata la herufi moja.

"Namba tatu?" alisema Loretta. "Moja na mbili uliwaficha wapi?"

Bride alikuwa akitazama doa la chai.

"Wifi," Loretta alinong'ona, kwa sauti iliyofika hadi chumba cha pili, "wamekuanika makalio."

Mbele yao wanafunzi wawili walikuwa wakizungumza juu ya upweke wa kaskazini, na mmoja alikuwa na machozi ya kweli. Bride alisubiri waondoke. Kisha akanyoosha mkono kuinua pembe ya zulia.

"Bibi, rudi nyuma ya mstari," alisema mlinzi.

"Mimi ndiye niliyelitengeneza."

"Hongera sana, bibi. Rudi nyuma ya mstari."

Akarudi. Alisimama hapo muda mrefu, mkoba kifuani.

"Mwanangu," alimwuliza mlinzi, "leo siku gani?"

"Jumanne."

"Aa." Mabega yake yakashuka. "Basi liko sawasawa."

"Wifi!" alisema Loretta.

"Jumanne, Loretta. Ungetaka liweje?" Akamgeukia mlinzi. "Jumapili mtaligeuza?"

Mlinzi alikuwa ameagizwa asibishane na wasanii. "Bila shaka, bibi," alisema.

Wakaenda kula chipsi na samaki, na Bride alikula vyote.

Jumba hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.