Mama Salad na Oili ya Rangi ya Chai

Nabiswa ndiye alinipa hilo jina, na mimi sijamsamehe. Miaka tisa watu wa Kaloleni wananiita Mama Salad, hata watoto wa juzi ambao hawajui lilitoka wapi. Mimi naitwa Phelister, mama ya Lorraine. Nauza mandazi.

Ilikuwa hivi. Mzee wangu Wesonga alistaafu reli, akanunua pickup iliyozeeka kumshinda. Oili ya enjini alikuwa ananunua ya kupima, anaiweka kwa mtungi mtupu wa mafuta ya kupika, ule wenye picha ya alizeti. Hapa kwetu mtungi mzuri hautupwi. Siku moja akaniambia, "Mama Lorraine, hebu niongezee oili." Nikaongeza. Wiki hiyo hiyo enjini ikakufa.

Nabiswa, fundi wa pale Mbotela, kwa ule ukuta mafundi wanatengenezea magari, akafungua enjini, akapata oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akaangalia mtungi kwa pickup. Akaniangalia mimi na ndoo yangu ya mandazi. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, huyu mama ametaka kukaangia mandazi kwa gari yako! Ametia salad kwa enjini!"

Salad ndiyo tunaita mafuta ya kupika. Nikasema ile ilikuwa oili, niliinusa. Lakini nani atasikiza mwanamke wa darasa la tatu mbele ya mtu amevaa ovaroli? Wesonga hakunigombeza. Akanunua enjini ya mtumba, akasema tu, "Kuanzia leo usiguse boneti." Afadhali angenitukana.

Sikugusa. Miaka tisa nimekaa kwa hiyo gari kama mgeni.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, ikaanza vituko. Ikiwaka inatoa moshi mweupe, mzito, una harufu tamu-tamu. Wesonga anajaza maji ya radieta Jumatatu, Jumatano hayako.

"Inavuja," akasema.

Mimi nikatandika katoni chini ya enjini. Kesho yake katoni ni kavu kama biskuti. Sasa maji yanaenda wapi? Maji hayana miguu. Hilo swali likanikalia kichwani mpaka nikaunguza mandazi mara mbili.

Halafu ikaja kelele. Ko, ko, ko. Nikachukua mwiko wa ugali, nikasimamisha ncha moja kwa chuma ya enjini, ile ingine nikaweka kwa sikio.

"Nimekuambia usiguse!"

"Huu ni mwiko. Mikono yangu iko huku."

Akanuna. Lakini hakuweza kuvumilia. "Unasikia nini?"

"Huku juu inalia kama cherehani tu. Hiyo kelele iko chini kabisa. Inagonga kama mtu wa kodi anayejua uko ndani. Zima, vuta kile kijiti cha kupima oili."

Akavuta. Chai ya maziwa, ile ile.

"Baba Lorraine," nikasema, "nani ametia salad leo?"

Alipanguza kijiti polepole sana.

Nikaingia jikoni nikatoa chupa mbili za jamu. Zote nikatia oili. Moja nikaongeza salad, ingine maji, nikazitikisa mpaka mabega yakauma. Ya salad ilibaki rangi ya asali, imepauka kidogo tu. Ya maji ikawa chai. Sikuamini, nikarudia. Nikajaribu na unga pia, kwa udaku wangu tu. Ikatoka uji mbaya, nikamwaga.

Kesho yake Mursal mwenye duka la jumla alituvuta kwa kamba na lori yake mpaka Mbotela. Nabiswa akachungulia, akasonya.

"Mzee, maji yameingia kwa oili. Gasketi ya kichwa cha enjini, ile inazuia maji na oili visikutane, imechomeka."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Mama Salad, si unaona rangi?"

Nikatoa chupa zangu kwa kiondo. "Hii ni ya salad. Hii ni ya maji. Nionyeshe ile uliona miaka tisa iliyopita."

Mursal akachukua chupa zote, akaziinua kwa jua. "Wallahi, Nabiswa, ni hii ya maji. Hii ingine iko safi."

"Mama, hiyo ni ya zamani..."

"Zamani ulipiga kelele ukuta wote ukasikia. Rudia, na sauti iwe ile ile."

Mafundi walikuwa wameshaacha spana zao. Nabiswa akapanguza mikono kwa ovaroli, akasafisha koo.

"Jameni, Mama Lorraine hakutia salad. Ilikuwa gasketi. Mimi niliona mtungi, nikaacha kuangalia enjini." Akanigeukia. "Sasa si utanisamehe, mama?"

"Hapana. Tengeneza gari."

Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Nabiswa akainama kwa enjini haraka, apate pa kuficha uso.

"Na hii kelele mlisema iko, mzee, inatokea upande gani?"

Wesonga alikuwa ameshika boneti. Akaiinua juu zaidi, akasogea kando kunipisha.

"Muulize mama," akasema. "Ndiye ameisikia."

Nikatoa mwiko.