Malkia Niliyemwachia Mbele ya Mzee Gwandu

Msinicheke kabla sijamaliza. Mkinicheka mwishoni sawa, nimeshazoea, maana pale Endasak wapo watu ambao hata jina langu la ubatizo hawalijui, lakini wanajua kwamba mimi ndiye yule mwalimu aliyemfokea mzee wa watu ukumbini kwa sababu ya kipande cha mti. Ndiyo, ni mimi. Aibu ninayo, siikatai. Ila hasira pia ninayo, na mkinisikiliza vizuri mtaona hasira yangu ina haki yake, angalau nusu.

Ilikuwa miaka ile mkoa wetu wa Manyara bado mchanga, tumetoka tu kumegwa kutoka Arusha, na kila kitu kilikuwa kinaundwa upya, ofisi za mkoa, mihuri ya mkoa, timu za mkoa, na katika kuunda huko kuna mtu akakumbuka kwamba duniani kuna na chesi. Mimi chesi nilijifunza chuo cha ualimu, nikaja nayo Endasak nilipopangiwa kufundisha, ubao mmoja na kete zake thelathini na mbili (thelathini na moja kusema kweli, farasi mmoja alipotea nikaweka kizibo cha soda), na haukupita mwaka nikawa bingwa wa Endasak nzima. Tulikuwa wachezaji wanne, lakini bingwa ni bingwa.

Sasa bwana, pale kijijini kulikuwa na Emiliana, binti wa Mzee Gwandu. Mimi na yeye tulikuwa tumeshaelewana, kilichobaki ni baba yake tu akubali niwalete wazee wangu waje kuposa. Mzee hakunikubalia, wala hakunikatalia. Alinitazama siku moja kutoka kichwani mpaka kwenye viatu (nilikuwa nimeazima koti), akasema, "Mwalimu, mtu akija kwangu amevaa koti simjui. Acha nikuone kwanza siku ambayo hukujiandaa."

Mtu mwenye akili angenyamaza akasubiri hiyo siku. Mimi nikajifanya mjanja. Mashindano ya wilaya yalikuwa Katesh, siku ya mnada, na nilijua mzee anapeleka dume lake kuuza, basi nikamwambia, "Mzee, ukishamaliza mnadani pita pale ukumbini, saa nane hivi, uone watu wanavyopigana kwa akili." Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba saa nane ni fainali, kwamba fainalini nitakuwepo mimi, na kwamba mshindi ndiye anayekwenda Babati kuchezea mkoa. Mzee akisikia mkwe wake mtarajiwa ni mtu wa mkoa, atasemaje tena?

Asubuhi mwamuzi wetu, Mwalimu Theresia wa sekondari, mama mmoja asiyecheka ovyo, alitusomea sheria mbele ya wote. "Ukiigusa kete yako, lazima uichezeshe. Ukiiachia kwenye mraba, umeshacheza. Hakuna kurudisha, hakuna samahani. Tumeelewana?" Tukaitikia ndiyo. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote, na hilo wananikumbusha mpaka leo.

Nikapiga watatu mfululizo. Fainali nikakutana na Bonifasi, bwana shamba wa kule Getanuwas. Jamani, kuna watu wanacheza chesi na kuna watu wanakuchezea wewe. Huyu alikuwa anavua sweta, anavaa sweta, anakunywa chai kwa kuivuta mpaka meza ya tatu wanasikia, na kila akisogeza kete anainama kukutazama usoni kama daktari anayetafuta ugonjwa. Nikamvumilia. Nikamtega. Nilimwachia ngome yangu bure kabisa, halafu nikajipiga paji la uso nikasema "Aah!", nikijifanya nimekosea, naye akaila kwa pupa, asijue kwamba kwa kuifuata ngome ile ameondoa mlinzi wa mfalme wake. Nikatazama mara moja, nikatazama mara ya pili. Malkia wangu akiteremka pembeni ya mfalme wake, basi, hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Hatua moja tu! Bonifasi naye akaiona. Chai akaiacha.

Nikamshika malkia. Nikamwinua. Na hapohapo, kwa jicho la pembeni, nikamwona Mzee Gwandu mlangoni, na fimbo yake, anaangaza macho akinitafuta.

Ningemteremsha tu malkia pale pa kummaliza mtu, ingenichukua muda wa kupiga chafya. Lakini mimi nilitaka mzee aone. Nilitaka awe amesimama karibu kabisa, aone kwa macho yake jinsi mkwe anavyoua. Kwa hiyo nikakaa na malkia hewani, mkono juu, nikitabasamu kama mtu anayepigwa picha, na mzee anakuja taratibu akipita katikati ya meza, anasimama kusalimiana na huyu, anaitikia shikamoo ya yule, nami mkono wangu uko juu tu mpaka bega likaanza kuuma.

Akafika. Akaninyooshea mkono.

Niambieni nyie wenzangu mliolelewa huku kwetu, ungefanyaje? Mzee, baba wa binti unayemtaka, amekunyooshea mkono, na wewe kiganjani umeshika kitu. Umpe mkono wa kushoto? Umsalimie umeng'ang'ania kete kama mtoto aliyekatazwa pipi? Kwetu kwa mzee unasimama, unampa mkono wa kulia, na wa kushoto unashika kifundo cha huo wa kulia, yaani aione mikono yote miwili. Hilo halifikiriwi, mwili unafanya wenyewe. Nikamtua malkia pale mkono ulipoangukia, nikasimama, nikainama, "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Nyumbani hawajambo? Shule je? Mvua imewafikia huko shuleni?"

Nikajibu yote, moja moja, kwa adabu zote. Na yule Bonifasi (hapa ndipo damu yangu inapochemka) naye akasimama, tena kwa heshima, mikono miwili, "Shikamoo baba," akaitikiwa, akauliza habari za mnadani, akaketi, akanyoosha kidole, na kwa kikete chake kidogo kuliko vyote akamla malkia wangu. Halafu akabonyeza saa ya mezani inayohesabu muda wetu.

"Wee!" nikasema. "Unafanya nini?"

"Nacheza. Ilikuwa zamu yangu."

"Mwamuzi! Huyu mtu ameniibia!"

Mwalimu Theresia akaja, akatazama ubao, akatazama mraba niliomtua malkia. Kwa mkosi wangu ulikuwa mraba ambao malkia anaruhusiwa kabisa kwenda. "Ulimwachia?"

"Nilikuwa namsalimia mzee!"

"Sikuulizia salamu. Ulimwachia, hukumwachia?"

Bonifasi akadakia, "Mimi sikumwambia asalimie."

Mnasikia? Mtoto wa wilaya yetu ya Hanang huyo, amezaliwa hukuhuku, anajua fika mzee anasalimiwaje, amemsalimia yeye mwenyewe kwa mikono miwili, halafu anasema hakuniambia nisalimie! Ukumbi mzima ukaja kutuzunguka. Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikapata wazo ambalo kwa wakati ule niliona ni la busara sana. Nikasema, "Muulizeni mzee! Mzee alikuwa hapa, ameona kila kitu!"

Mzee Gwandu akaukazia macho ubao. Akauliza kwanza sheria inasemaje, Mwalimu Theresia akamweleza. Akaegemea fimbo yake. Akasema, "Kama sheria ni hiyo, ameiachia. Aliiweka, akatoa mkono, ndipo akanisalimia. Nimeona."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeulizwa ng'ombe wamepita njia ipi. Lakini mimi nilihisi kichwa kimekuwa cha moto, machozi yananikaribia, na mdomo ukafunguka bila ruhusa yangu.

"Na wewe mzee unajua nini kuhusu chesi? Si ungebaki tu hukohuko mnadani na ng'ombe zako!"

Kisha nikapiga ubao kwa mkono. Kete zikaruka kila upande.

Loo! Hata Bonifasi alitazama chini. Na mzee, mzee yule na magoti yake yanayomsumbua, akainama, akaanza kuokota kete sakafuni, moja, nyingine, nyingine, anazipanga juu ya meza. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mimi nilisimama tu kama nguzo. Alipomaliza akajipangusa mikono, akasema, "Haya mwalimu," akatoka.

Nilirudi Endasak kwa miguu, njia nzima nikigombana na Bonifasi peke yangu, wanawake waliotoka mnadani wakawa wananipisha barabarani. Na hapa sasa ndipo nawaambia kosa langu lenyewe, maana la ukumbini lingesameheka. Emiliana alinijia shuleni kesho yake, akaniambia, "Nenda kwa baba leo. Nenda tu, useme umekosa." Nikamwambia nitakwenda, lakini kwanza Bonifasi aje aniombe radhi mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza. Akaniambia, "Petro, Bonifasi ana binti?" Nikanuna. Nilinuna wiki tatu nzima. Nikaandika na barua ya malalamiko kurasa nne, nikaipeleka wilayani mwenyewe, nikimsubiri mtu wa Getanuwas avuke Hanang nzima aje kwangu kusema samahani.

Wiki ya nne mjomba wangu akanichukua kama mtuhumiwa, tukaenda kwa Mzee Gwandu na kondoo mmoja. Nikapiga magoti. Mzee akapokea radhi yangu vizuri sana, nasema kweli, hata chai akaagiza, akanikalisha karibu naye. Nikajua mambo yamekaa sawa. Nikamtupia mjomba jicho, aanze kusema lile la posa.

Mzee akatangulia. "Siku ile Katesh," akasema, "dume sikuliuza. Nilikuwa nimekuja kukuambia uwalete wazee wako. Nilikuwa nimeshaamua njiani, na dume nikaliacha la harusi."

Mjomba akaweka kikombe chini.

"Nikakusubiri siku ya pili, nikakusubiri Jumapili kanisani. Nikasema kijana ana hasira, zitaisha, atakuja. Juzi wamekuja watu wa Mogitu kuposa. Nimewapa neno langu."

Chai ile niliimaliza, kwa sababu huwezi kuacha chai ya mzee. Emiliana alikuwa nje anapeta maharage, nikampita, hakuinua kichwa.

Basi, fundisho langu ni fupi. Ukimkosea mtu, nenda leo leo, nenda na vumbi la barabarani miguuni, usingoje kwanza aliyekukosea wewe aje akusafishe. Nimeapa sitarudia, na sijarudia. Naomba radhi siku hizi mpaka wanafunzi wananishangaa.

Ila Bonifasi bado hajaja. Miaka yote hiyo! Kama kuna anayemfahamu, amwambie mimi nipo Endasak, nyumba ileile ya walimu, namsubiri.