Udongo wa Mama Gaudiosa

Mtu hapewi mche ulio uchi. Evangelina alifundishwa hivyo na marehemu mama yake, na kila aliyekuja kwake kijijini Mutuka kuomba miche ya saladi aliondoka nayo ikiwa na donge la udongo kwenye mizizi. Majirani walimtania kwamba anagawa shamba kipande kipande. Alicheka, akaendelea kugawa. Uchoyo aliuchukia kuliko njaa.

Msimu huu saladi zake zilikataa kufunga vichwa. Majani yalikakamaa, mishipa ikanenepa na kuwa myeupe. Akadhani ni jua, akazidisha maji. Masikini, kumbe alikuwa anauchochea ugonjwa wenyewe.

"Ni virusi, Mama Gaudiosa," alisema Jovin, bwana shamba, akiwa ameshika mzizi. "Kuna kimelea cha udongoni, hakionekani kwa macho. Shamba likilowa kinaogelea hadi kwenye mizizi, na virusi vimo ndani yake. Ukizing'oa saladi zote, chenyewe kinabaki kimelala humo miaka na miaka."

"Dawa yake?"

"Kwa udongo huu, hakuna. Usipande tena saladi hapa. Na udongo usitoke kwenda shamba la mtu."

 Juzi tu Evangelina alikuwa amempelekea beseni zima la miche Gaudiosa, mwanawe wa kwanza, aliyeolewa kijiji cha Nakwa. Yule binti na mumewe hawana shamba jingine, na tegemeo lao lote ni saladi za kuuza kwenye hoteli za mjini.

Hakubadili hata kanga. Alipanda bodaboda, njia nzima akisali.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Miche umeshapanda?"

"Bado, mama. Nimeiweka kivulini."

"Asante Mungu!" Evangelina alimkumbatia, machozi yakamtoka. "Tutaichoma yote. Ina ugonjwa, mwanangu, uko kwenye udongo."

 Gaudiosa aligeuka kuyatazama matuta yake, yaliyolimwa vizuri na kumwagiliwa tangu asubuhi.

"Ule udongo uliobaki kwenye beseni sikuutupa," alisema polepole. "Niliuchanganya na samadi, nikautandaza shamba zima. Nilitaka shamba letu lipate baraka ya mkono wako."