Mayai Kiooni, Dawa Mlangoni

Chai bado haijachemka na mwanamke huyu tayari amepiga magoti sakafuni, shavu limegusa kioo cha tangi la samaki, tochi ya simu iko mkononi. Anamulika kutoka chini kwenda juu. Ukimsalimia saa hii, salamu yako itasubiri.

"Huyu yuko sawa. Huyu naye sawa. Wewe hebu geuka basi, nikuone," anaongea na tangi.

Anachokitafuta ni matumbo. Samaki hawa ni wadogo, hawazidi kidole cha mwisho cha mtu mzima, na kazi yao kutwa nzima ni kulamba ukoga wa kijani unaoota kwenye vioo, mawe na majani ya majini. Wakijibandika kwenye kioo, matumbo yao yanaonekana waziwazi. Tumbo likiwa la mviringo, samaki ameshiba. Likibonyea, hana siku nyingi.

Kwa tabia hiyo majirani wamembatiza Mama Tumbo. Jina alilopewa na wazazi wake siku hizi analikumbuka akienda hospitali tu.

Mama Tumbo ni msafishaji wa matangi ya samaki. Huzunguka nyumba za watu na ndoo zake, na duka moja la samaki wa mapambo humletea nyumbani walamba kioo wapya ili awalee mpaka wapone uchovu wa safari. Analipwa kwa kila samaki anayetoka kwake akiwa hai. Kati ya kumi wanaofika, anasema, wanne au watano hufa.

"Wanavuliwa mitoni huko mbali, wanasafirishwa kwenye mifuko bila kula. Akifika kwangu ni ngozi na mifupa. Halafu hawa hawafi kwa kelele. Jioni unamwona katulia juu ya jani, asubuhi yuko palepale, kumbe alishakwenda."

Wale wa kwanza kabisa, anakiri, aliwaua kwa usafi. Alisugua vioo vyote, akaosha kila jiwe, tangi likang'aa mpaka akajiona meno. Samaki wakafa njaa ndani ya wiki. "Mimi najiona nawasafishia nyumba, kumbe nawamwagia chakula chote."

Sasa husafisha kioo cha mbele peke yake. Vingine vitatu ni vya kijani tupu, na wageni humtania kwamba kweli mganga hajigangi.

Asubuhi hii tochi yake imesimama mahali pamoja. Kwenye kioo cha nyuma, karibu na kona, kuna vitone vidogo kuliko mbegu za nyanya. Ni mayai. Miaka yote aliyowalea samaki hawa hajawahi kuyaona. Yakianguliwa, atakuwa na walamba kioo waliozaliwa kwenye maji yake mwenyewe, ambao hawajui njaa ya mifuko ya safari.

Na leo hii mpiga dawa ya kunguni anakuja kupuliza vyumba vyote vya nyumba hii ya kupanga.

"Naogopa, jamani," anasema bila kuficha. "Naogopa mpaka chai haipiti."

Ana sababu. Zamani kidogo jirani wa chumba cha tatu alipuliza dawa ya mende, tena kwa nia njema tu. Pampu ya hewa ikavuta harufu ile na kuisukuma ndani ya maji. Kufika mchana tangi zima lilikuwa limegeuza matumbo juu. Jirani alikuja kutoa pole, kopo la dawa likiwa bado mkononi.

Anakwenda kumwona mama mwenye nyumba, ambaye amekaa uani akichambua mboga. Anamwomba chumba chake kirukwe.

"Mwanangu, nakupenda wewe na samaki wako," anajibiwa. "Lakini kunguni hapigi hodi. Nikiruka chumba chako watahamia kwako wote, kesho kutwa wamerudi kwa wenzio. Nitakuwa natwanga maji kwenye kinu."

Kuhamisha tangi hakuwezekani. Mayai yamegandia kwenye kioo, na walamba kioo wenyewe hufa hata kwa kubadilishiwa ndoo. Mama Tumbo anavuta ncha ya kanga yake.

"Mama, hao kunguni wanakaa wapi hasa?"

"Kitandani. Kwenye godoro, makochi, mapazia."

"Na chumba ambacho hakina kitu hata kimoja cha hivyo?"

Mama mwenye nyumba anaacha mboga. "We mtoto, usiniambie."

Saa mbili baadaye mume wa Mama Tumbo, fundi wa kuchomelea vyuma, anaitwa kutoka kazini. Anaingia uani na kukuta kitanda chake kimesimamishwa ukutani, godoro limeegemea kisima, makochi yamepangwa juani.

"Nimefukuzwa?" anauliza.

"Hujafukuzwa. Shika huku tumalizie kabati."

Vitu hivyo vitapulizwa huko nje, na kwa sababu vitakuwa na dawa, havitaruhusiwa kurudi tena karibu na samaki. Mume analielewa hilo polepole, huku amebeba kabati. Anamtazama mkewe, anatazama godoro, kisha anaendelea kubeba. Watoto wamepelekwa kwa shangazi yao. Chumba kinamwagiwa maji yanayochemka kwenye kila ufa, kuua kunguni waliojificha, mama mwenye nyumba akikagua mwenyewe, mpaka anaridhika.

Kinabaki chumba kitupu na tangi moja.

Dirisha linazibwa kwa karatasi ya gundi. Chini ya mlango zinasukumwa taulo zilizolowa. Pampu inazimwa. Mama Tumbo anafunika tangi kwa nailoni, anaacha pembe moja ya kupitisha mkono, na kwa kikombe anaanza kuchota maji na kuyamimina tena ili yapate hewa. Mwandishi wa makala haya aliambiwa kwamba anaweza kusubiri nje. Alibaki, na baada ya dakika chache alijuta.

Joto linapanda. Mashine ya dawa inanguruma vyumba vya mbali, kisha vya karibu, kisha ukuta wa jirani wenyewe unatetemeka.

"Unaisikia harufu?" Mama Tumbo ananong'ona.

Inasikika. Ni nyembamba, inakwangua koo.

"Mungu wangu. Inapita wapi?"

Samaki mmoja anachomoka sakafuni mwa tangi, anafika juu, anagugumia hewa na kushuka. Hewa ikipungua majini, hawa hupanda kumeza hewa. Na hewa ya juu ndiyo yenye sumu.

"Usipande. Nakuomba, baba, usipande." Mwingine anapanda. Wa tatu. Anachota kwa kasi zaidi, jasho linamdondoka, anampa mwandishi ncha ya nailoni aishike.

"Wako hai?" sauti ya mume inatoka nje.

"Usiongee! Chini ya mlango! Ziba chini ya mlango!"

Maji yanamwagika nje, kitambaa kizito kinasukumwa kwenye ufa. Ni ovaroli ya kazi ya mumewe. Harufu haiondoki, ila haiongezeki. Mashine inasogea, inakwenda chumba kingine, inanyamaza.

Jioni samaki wawili wamelala chini, wamekufa. Waliosalia wamejibandika kwenye kioo. Mayai mengine yamegeuka meupe, dalili ya kuharibika. Mengine bado ni maangavu, na ndani yake kuna nukta nyeusi.

Mwandishi aliporudi baada ya siku kadhaa, kila sauti ilikuwa ikirudi mwangwi kwenye kuta za chumba kitupu. Mikeka imetandikwa sakafuni. Kwenye kioo cha nyuma vimeshikilia vitu vyembamba kama nyuzi, kila kimoja na macho mawili.

Mama Tumbo hakutaka kuvihesabu. Macho yake yalikuwa mekundu. Hofu yake sasa ni chakula, maana vichanga hivi havili kingine ila ukoga, na ukoga ukiisha navyo vimekwisha. Amepanga dirishani juani mitungi ya kioo yenye maji na mawe, ili mawe yaote ukoga.

"Nataka nije niliambie duka, msiagize tena, chukueni kwangu. Hawa wamezaliwa humu. Hakuna atakayefika kwa mtu amekonda."

Mumewe aliingia kutoka kazini, akasimama mlangoni.

"Kitanda tunanunua lini?"

"Wakikua, tukiwauza."

"Na wakifa?"

Mama Tumbo hakugeuka. "Wakifa, tutakuwa tumelala chini bure."

Mume alivua buti zake nzito hukohuko nje, akatembea kwa ncha za vidole mpaka kwenye mkeka wake.