Neno Nililomwita Martina

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la sita, huko Masieda, nyumba ya kina Martina ilipotengwa. Mdogo wake alikuwa amefariki kabla hajamaliza hata mwezi, na kwa desturi yetu msiba wa namna hiyo uliizuia nyumba nzima kuchangamana na watu. Ng'ombe wao hawakuchungwa pamoja na wetu. Mama yake alichota maji peke yake, upande wa chini wa kijito.

"Usile kitu cha kwao," bibi aliniambia. "Mpaka wazee wawatoe kwenye kutengwa."

Martina alikuwa rafiki yangu, tukikaa dawati moja. Shuleni alikuja kila siku, na mimi nikajisogeza ukingoni ili nguo zetu zisigusane. Hakuniuliza kwa nini. Alijua.

Siku moja mwalimu wa Kiingereza, mgeni katika sehemu zetu, aliandika ubaoni neno ambalo halikuwemo kitabuni: jinx. Alisema ni mtu au kitu kinacholeta mkosi. Wenye lugha yao hulitumia hata kwa utani. Timu ikifungwa kila unapoitazama, wenzako watakuita hivyo.

"Nani atunge sentensi?"

Nilinyoosha mkono. Labda nilitaka sifa tu. Nikasema kwa Kiingereza kwamba Martina ni jinx.

Darasa likacheka. Mwalimu, asiyejua lolote kuhusu ule msiba, akasema, "Sentensi sahihi. Mpigieni makofi." Wakanipigia. Martina naye alipiga.

Miezi ikapita. Wazee wakachinja kondoo, wakaomba, wakawatoa. Mifugo ikachanganyika tena, na bibi mwenyewe akawapelekea maziwa. Lakini watoto waliendelea kumwita Martina jina lile hadi tulipomaliza la saba, na mimi sikuwakataza.

Mwaka jana nilimkuta mjini Katesh siku ya mnada, akiuza vitunguu. Tulisalimiana kwa furaha. Nikamfungua mwanangu mgongoni ili ampakate. Akarudisha mikono nyuma.

"Mwache kwako, Paulina. Si unaujua ule ugonjwa wangu?"

"Ugonjwa gani?"

"Ule aliousema mwalimu kwa Kiingereza."

Nilimweleza polepole kwamba si ugonjwa. Ni neno la utani, vijana wanatupiana wakitazama mpira. Nikamwomba msamaha. Akachukua kitunguu, akaanza kukimenya.

"Kwa hiyo sina kitu."

"Huna kitu, Martina."

"Mwanangu wa kwanza nilimpeleka kwa mama mkwe, kule Basotu, kabla hajaota jino. Niliogopa nisije nikamuua kama mdogo wangu." Akakirudisha kitunguu kwenye fungu. "Sasa yuko darasa la tatu. Mimi ananiita shangazi."

Alimtazama mwanangu kwa muda mrefu, lakini hakumshika.

Bibi alishafariki. Kwa miaka mingi nilimlaumu moyoni kwamba mila zake ndizo zilizonitenga na rafiki yangu. Siku hizi nashindwa kumlaumu. Katazo lake lilikuwa na siku ya kuisha. Watu wazima walikaa, wakaliondoa, na kila mtu akajua limeondoka. Nililolisema mimi hakuna aliyekaa kuliondoa. Nililiacha kwa Martina miaka yote ile, nikidhani ni Kiingereza cha shule tu.