Oili Iliyotulizwa Mtungini

Mume wangu amemwaga oili ya gari nyuma ya jikoni, na harufu imeingia mpaka kwa uji wa mtoto. Nimemfokea. Hajui ni kwa nini.

Baba alikuwa na gari kuukuu, na kwetu hakuna aliyetupa kitu kwa sababu tu kimechafuka. Maji tuliyochimba kwa mchanga wa mto tuliyaacha mtungini usiku kucha, tope likashuka, tukateka ya juu. Oili chafu aliyoitoa kwa injini nayo akaifanya vivyo hivyo. Asubuhi akaniita nichungulie.

"Imetakata, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Ya juu akairudisha kwa injini, ya chini akaiacha.

Siku chache baadaye mdogo wangu alishikwa na homa kali. Tulikuwa katikati ya njia ya hospitali injini ilipoanza kugonga, kisha ikakwama kabisa. Dereva wa lori alisimama, akachomoa kijiti cha kupimia oili.

"Mzee, oili ikichoka imechoka, haitulii kama maji. Na hii hata haijafika kwa alama."

Mama alipanda lori na mtoto mgongoni, na ni lori hilo lililomwokoa.

Baba akanigeukia, sauti yake kama ya mtu anayeomba. "Si hata wewe uliona imetakata?"

"Mimi sikuona kitu," nikamwambia kwa hasira, nikapanda lori, nikamwacha hapo barabarani peke yake.