Ndege Aliyemjibu Mbinja

Ndege wa koo jekundu hana mzaha. Umbo lake halizidi ngumi ya mtoto, lakini akisikia dume mwenzake anaimba kwenye kichaka chake, anatoka kichwakichwa, anamrukia, anamdonoa macho, na wasipoachana mmoja anabaki chini. Hasira hizo ndizo zilizompa Mbinja kazi. Aliwapeleka wageni msituni, akajibanza nyuma ya majani, akapiga mluzi wa kumtukana dume, na dume akatokeza kutafuta ugomvi. Wageni wakamwona ndege ambaye wengine wanazeeka bila kumwona, wakarudi na furaha zao.

Na Mbinja mwenyewe, jamani, alikuwa ndege huyohuyo, ila hana mabawa. Alishamtupa muuza kuni mtaroni, kisa neno moja tu. Mwaka uliopita alimkuta shemeji yake, mdogo wa mkewe, ana tundu limejaa ndege wa kuuza, akamvunja taya palepale uani, watoto wakitazama. Shemeji alikula kwa mrija mpaka akasahau kutafuna.

Mkewe hakulia siku ile. Alisimama mlangoni, mchi mkononi, akasema, "Baba Watoto, nisikilize vizuri. Yule ni mwizi wa ndege, ni mlevi, ni kila kitu. Lakini tumenyonya ziwa moja. Siku ukimgusa tena, hata kwa kidole, nafunga virago na wanangu. Na unanijua."

Alimjua sana. Tangu hapo kila alipomwona shemeji njiani alitia mikono mifukoni. Shemeji naye si mjinga, akaanza kumpita karibu makusudi na kumkanyaga mguu.

Sasa siku hiyo wageni walikuwa mwalimu mstaafu na mumewe, mama wa maneno mengi na mzee wa maneno machache, wote wamejipaka mafuta ya kuzuia jua mpaka wanang'aa. Mbinja aliwalaza kifudifudi kwenye majani, darubini tayari, akapiga mluzi wake. Kimya. Akapiga tena, tusi zito zaidi. Kutoka kichaka cha mbele likaja jibu, kali, la shari.

"Huyo!" Mbinja alinong'ona. "Dume la kufa mtu! Msipumue."

Hapa ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa nyumba ile tu. Mluzi huo Mbinja alifundishwa na marehemu baba mkwe wake, mtega ndege wa zamani, na mzee alikuwa na kawaida ya kuumalizia kwa kamkia ka kuvuta pumzi, kitu ambacho ndege hana. Mbinja alikuwa nako kamkia hako, na hakukasikia tena, kama mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake. Jibu la kichakani lilikuwa na kamkia. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye alivimba kichwa, akatambaa mbele, akapiga, akajibiwa, akatambaa tena. Na wa upande wa pili alikuwa anatambaa vilevile, mate yanamtoka, akijua leo amepata dume la pili.

Majani yakaachana. Wakatazamana, Mbinja na shemeji yake, wanafunzi wa mzee mmoja, midomo ya wote wawili imechongoka.

"Mshenzi wewe!" wakasema kwa pamoja.

Nyuma ya shemeji palikuwa na tundu, na jike limo ndani likijigonga kwenye fito. Juu yake dume lilikuwa limenasa kwenye kijiti cha ulimbo, gundi ya mtega ndege, kichwa chini, bawa moja limechunika, linajinyofoa manyoya yake lenyewe. Mbinja akapandwa na mori. Ngumi ikajikunja yenyewe, ikapanda mpaka usawa wa sikio.

Shemeji akacheka. Akasogeza taya yake iliyounga upande.

"Piga, shemeji! Hapahapa, ulishaizoea. Leo hii dada anahama na watoto, nami nitambebea godoro."

Haki ya Mungu, aliitaka ile taya kuliko chakula. Lakini alimwona mkewe anafunga mzigo, na mtoto mdogo mgongoni, akaishusha ngumi. Akapiga magoti, akamshika dume kwa mikono miwili, akaanza kumbandua.

"Mama, niletee hayo mafuta yenu ya jua, yalegeze ulimbo!" alimwita mwalimu.

Shemeji akachomoa panga kiunoni, akaligeuza, akampiga kwa mpini mdomoni. Mbinja hakumwachia ndege. Shemeji akampiga pigo la pili, damu ikamwagikia manyoya. Kwa la tatu meno ya mbele yalikwenda, mawili juu na moja chini. Hapo mwalimu alifika na miguu mitatu ya kamera ameiinua juu ya kichwa, anapiga mayowe ya kuamsha msitu mzima, na shemeji akatimka akaacha hata tundu.

Mzee wa maneno machache alilifungua tundu. Mwalimu alimpaka ndege mafuta huku analia na kutukana. Dume lilipopata nafasi lilimdonoa Mbinja kidole likanyofoa nyama, likaondoka upande upande.

Mbinja alifika nyumbani, shati limekauka damu. Mkewe alikuwa anatwanga. Alisimamisha mchi.

"Nani?"

"Ndugu yako. Thikumgutha," alisema Mbinja. Alifungua leso akamwonyesha meno. "Hata kwa kidole."

Mkewe aliyatazama yale meno, akamtazama mdomo. Miaka yote huo mdomo ndio uliolisha nyumba.

"Hebu piga mluzi," alisema taratibu.

Mbinja alipuliza, mluzi haukutoka. Akapuliza tena, shingo imemtoka mishipa. Mke akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Wewe nilikukataza," alisema. "Mimi nani kanikataza?"

Akauchomoa mchi kinuni, akatoka nao. Nyumba ya mdogo wake haikuwa mbali. Kwanza ulisikika mlango, kisha sufuria, kisha shemeji anaita, "Dada! Dada, mkono wangu! Dada!"

Mbinja hakwenda kuamua ugomvi. Alikaa kizingitini, akaweka ulimi mahali pa meno, akajaribu tena ule mluzi wa baba mkwe. Ulitoka upepo na mate, na mwishoni, wazi kabisa, kale kamkia ka kuvuta pumzi.